Darasa Lililoandika Sauti

Wewe unayenisikiliza, nitakueleza polepole, na nitakapofika kwenye habari za mitambo usiogope. Mimi mwenyewe nilieleweshwa mara kadhaa kabla ya kuelewa. Nataka kukusimulia habari za mwanafunzi wangu mmoja wa Kisumu Ndogo, kule Kibera, na za mtandao mdogo tulioutumia kusomea. Nikirefusha maelezo ya mtandao, nivumilie. Bila hayo hutajua alipoteza nini.

Nilikuwa nafundisha katika tawi dogo la chuo kikuu, Kawangware, ghorofa ya juu ya jengo ambalo chini yake kulikuwa na maduka ya simiti na misumari. Wanafunzi wangu walisomea shahada ya maendeleo ya jamii. Karibu wote walikuwa watu wazima wenye kazi zao: mafundi, wachuuzi wa mitumba, wapishi wa shule, walinzi. Wengi walikaa Kongo, mtaa wa hapohapo Kawangware, na mitaa ya jirani, wachache walivuka kutoka Kibera. Tulikutana ana kwa ana Jumamosi peke yake. Siku nyingine darasa liliishi kwenye simu.

Mwanafunzi ninayemzungumzia alipoteza uwezo wa kusikia akiwa sekondari, baada ya homa ya uti wa mgongo. Kwa hiyo aliongea kama mimi na wewe, ila kwa sauti ya juu kidogo, kama mtu anayemwita jirani ng'ambo ya mtaro. Lugha ya ishara alikuwa ndiyo kwanza anajifunza. Aliishi na shangazi yake muuza omena, wale dagaa wa ziwani, na asubuhi alimsaidia kupepeta na kupima kwa kopo la gorogoro kabla ya kufungua vitabu. Alitaka kuwa afisa wa ustawi wa jamii. Aliniambia sababu siku moja tukishuka ngazi. Alikuwa amekaa mbele ya meza nyingi za maafisa wanaoongea huku wameinamia karatasi, hajui wanasema nini. Alitaka akae upande wa pili wa meza hiyo, ainue uso. Shahada ile ilikuwa ndiyo njia ya kufika huko, na hakuwa na nyingine.

Jumamosi ya kwanza alikaa mbele kabisa akanikazia macho midomoni. Nilipogeuka kuandika ubaoni, nilimpoteza. Wenzake walipoanza kujadiliana, aligeuza shingo huku na huku, na kila alipomfikia msemaji, msemaji alikuwa amemaliza. Kipindi kilipokwisha akanifuata.

"Mwalimu, wewe uko sawa, unafungua mdomo," akasema. "Hawa wengine wanaongea kama wamebugia viazi moto."

Nilicheka, lakini nilirudi nyumbani nikiwa na uzito moyoni. Nilimweleza fundi wetu wa maabara ya kompyuta, mtu mkimya aliyekuwa akizunguka na bisibisi mfukoni. Yeye alikuwa na wazo la siku nyingi, na hakuwa amepata mtu wa kulisikiliza.

Sasa hapa ndipo penye mitambo. Fikiria ploti za kupangisha za kule Kongo, yale majengo ya vyumba vya wapangaji. Mitandao mikubwa ya kijamii ni kama jumba moja kubwa mno, wapangaji ni dunia nzima, mwenye nyumba hajulikani sura, na akibadilisha sheria unaikuta imebandikwa mlangoni. Mtandao aliokuwa anausema fundi umegatuliwa. Chuo kinajenga ploti yake, shule nyingine yake, chama cha mafundi chao. Kila ploti ina keateka wake, yaani mtunzaji wa jengo, na sheria zake. Lakini malango yote yamekubaliana namna ya kufunguliana, hivyo mpangaji wa hapa anapiga soga na mpangaji wa ploti iliyo nchi nyingine bila kuhama. Na programu zenyewe ni huria, maana yake ramani ya ujenzi iko wazi. Yeyote anaweza kuichukua, ajenge, akarabati, na asiombe ruhusa ya mtu.

Ploti yetu ilikuwa kompyuta kuukuu chini ya meza ya maabara. Ndiyo iliyokuwa seva. Keateka alikuwa fundi. Ilinguruma kwa feni yake siku nzima, na wanafunzi waliokaa karibu nayo walipasha miguu joto msimu wa baridi.

Katika majuma ya mwanzo kiongozi wa darasa alibandika picha ya ratiba. Alikuwa fundi wa kuchomea vyuma kule Kongo, kijana mcheshi, mwepesi wa kusaidia, tena aliyetuweka pamoja kuliko sisi walimu. Keateka wetu akamwandikia kwa upole kwamba kwenye mitandao ya namna hii kuna desturi: ukiweka picha, andika pia kilichomo, kwa ajili ya asiyeona. Akaandika. Ndipo binti wa Kisumu Ndogo akauliza swali moja fupi: na sauti je?

Darasa lilijadiliana jioni nzima, kwa maandishi, naye akiwa katikati ya mjadala kama mtu mwingine yeyote. Wakapatana kwamba sauti isiyoandikiwa maneno yake haitajibiwa. Haikuwa sheria ya chuo. Ilikuwa ahadi kati yao, na waliishika. Mtu akituma sauti tupu, kimya kilimjibu mpaka aandike.

Nikaona nafasi ya kazi ya nyumbani. Niliwaambia kila mmoja arekodi sauti moja ya mtaa wake, aandike inavyosikika, kisha aeleze inatufundisha nini juu ya maisha ya watu wa hapo. Kiongozi wa darasa alirekodi mashine ya kukata chuma. Akaandika kwamba inalia kama mtoto aliyenyimwa kitu.

"Amenyimwa nini, mheshimiwa?" binti akamjibu. "Maziwa au chapati? Kilio si kimoja."

Alimwita mheshimiwa tangu siku alipochaguliwa, kwa kumtania. Yeye alimwita sistee. Walibishana juu ya kilio hicho hadi darasa zima likaingilia, na mpishi mmoja, mama wa watoto wanne, akatoa hukumu kwamba ni kilio cha aliyenyang'anywa chapati, kwa kuwa kile cha maziwa hakina hasira. Mwanafunzi mwingine alileta mvua juu ya mabati, akaandika kwamba ni kama mchele unaomiminwa kwenye sufuria. Binti akakataa. Aliikumbuka mvua hiyo vizuri, alisema, na ile ya Kibera ni mahindi, na kuna mtu juu anayatupa kwa makusudi.

Ninakueleza haya ili umwone. Kule aliandika haraka, alipinga, alichekesha, alimsahihisha hata mwalimu. Kupitia malango yale ya wazi aliwapata wanafunzi viziwi wa chuo cha nchi nyingine, wenye seva yao wenyewe, wakawa marafiki. Jumamosi alikuja na ishara mpya walizomfundisha kwa video, akatufundisha na sisi. Alipenda kukaa kando ya ukuta wa Nyayo Highrise, mtaa wa maghorofa unaopakana na Kibera, ambako simu yake ilishika mtandao vizuri, na kutoka hapo aliendesha mijadala ya watu waliokuwa Kawangware, na wengine ng'ambo ya mpaka. Wanafunzi waliojiunga baadaye walimjua kwa ubishi wake kwanza. Wengine walishangaa Jumamosi walipomwita kwa nyuma asigeuke.

Mtandao wetu haukuuawa na mtu. Nataka ulielewe hili, maana wengi huniuliza nani alaumiwe. Kampuni za simu huuza data ya bei nafuu inayofungua programu za wakubwa, yaani ile mitandao mikubwa, pekee. Ploti yetu ilikuwa huru, lakini kuifikia kulikula data ya kawaida, ile ya bei ya juu. Mtu wa kibarua akipima hivyo viwili, huwezi kumfundisha hesabu. Stima nayo ilikatika mara kwa mara. Kisha mkataba wa fundi wetu ukaisha, akapata kazi kwingine, akawa anakuja kuiangalia seva pale anapoweza. Ikazima siku moja, ikazima siku tatu. Watu wakaanza kuhama, mmoja mmoja, bila kuaga.

Kiongozi wa darasa akafungua kundi jipya katika programu ya wakubwa. Alilifungua kwa wema. Alituandikia wote, akamwingiza na binti, akahakikisha hakuna aliyeachwa nje. Lakini kwenye jumba lile jipya watu walirudi kuongea. Mwenye mikono ya mafuta au ya unga hawezi kuandika insha. Anabonyeza, anasema, anaachilia. Ujumbe wa sauti ukafuatwa na mwingine, wa dakika nzima, wa dakika mbili, vicheko vikiwamo. Ile ahadi yao haikuvunjwa kwa makusudi. Ilibaki kule ilikofanyiwa, kama sheria za nyumba uliyohama.

Mwanzoni binti aliwaomba waandike. Waliandika siku hiyo. Akaomba tena, wakamwambia pole, wataandika baadaye. Nililileta darasani Jumamosi, wakatikisa vichwa kwa moyo mweupe kabisa, na Jumatatu sauti zikaendelea. Shangazi yake alimsikilizia jioni baada ya kufunga kibanda, lakini shangazi alikuwa mtu wa muhtasari. Mabishano ya nusu saa yalimfikia binti kwa maneno mawili: wanasema msome.

Nikamshauri aendelee kuwakumbusha. 

"Mwalimu, nimechoka kuwa ombaomba wa maneno," akasema.

Mimi niliendelea kuandika masomo yangu kwenye mtandao wetu wa zamani kila seva ilipowaka. Aliyesoma kila mara alikuwa yeye.

Mtihani wa mwisho kabisa, wa somo la mwenzangu, ulipangwa Jumamosi alasiri katika ukumbi wa tawi letu. Ijumaa ofisi ikagundua kwamba ukumbi ulikuwa umekodishwa kwa sherehe. Mtihani ukahamishwa hadi asubuhi, kwenye jengo kuu la chuo upande mwingine wa jiji. Karani alimpigia simu kiongozi wa darasa, akamwagiza awaarifu wenzake. Kijana alikuwa amepanda juu ya geti analolichomea. Alirekodi tangazo, akalituma kwenye kundi.

Jumamosi hiyo nilisimamia mtihani kule jengo kuu katika chumba cha darasa jingine, sikujua nani amefika na nani hakufika katika chumba cha wetu. Alasiri nilirudi Kawangware kuchukua vitu vyangu. Ukumbini kulikuwa na kina mama wanafunga mapazia ya arusi. Kwenye ngazi alikuwa ameketi yeye, viatu vimepigwa rangi, kalamu mbili mkononi.

"Mwalimu," akaniuliza, "darasa liko wapi?"

Nilitoa bahasha. Nyuma yake nikaandika kwamba mtihani ulifanyika asubuhi, jengo kuu. Alisoma, akarudia kusoma, akafungua simu yake na kunionyesha. Palikuwa na ujumbe wa sauti kutoka kwa kiongozi wa darasa. Haukuwa ule wa kundi. Alikuwa amerekodi mwingine, akamtumia yeye peke yake. Binti aliuona jana yake jioni, akadhani ni yale maombi na vichekesho ambavyo kijana huyo huwatumia watu wote, akauacha. Shangazi alikuwa amesafiri kwenda mazishini nyumbani kwao ziwani. Hakukuwa na mtu wa kumsikilizia, naye hakutaka kumgongea jirani.

Nikaucheza. Yeye alinitazama uso, mimi nikawa nayarudia maneno kwa midomo, moja baada ya lingine.

"Sistee, niaje. Najua siku hizi huingii sana kwa grupu, ndio maana nakutumia wewe mwenyewe. Mtihani umesongeshwa. Ni kesho asubuhi, kule jengo kuu. Usichelewe, ukikosa hii mimi nitalia."

Alinitaka nirudie mwisho wake. Nikarudia. Akaziweka kalamu mfukoni, akashuka ngazi akiwa ameshika ukuta.

Jumatatu nilikwenda ofisini. Walinisikiliza kwa adabu. Walisema ilani ilitumwa, na ilimfikia. Alama za samawati zilikuwa pale zikionyesha kwamba mazungumzo yalifunguliwa. Karatasi hiyo ya mtihani ingetolewa tena mwaka unaofuata, pamoja na darasa linalofuata, akae nalo, ahudhurie, afanye. Niliandika rufaa, mwenzangu mwenye somo akaitia sahihi, na jibu lilirudi na maneno yaleyale yakiwa yamepangwa vingine.

Nilifuatana na kiongozi wa darasa hadi Kisumu Ndogo. Njia nzima hakutania mtu, hata mafundi wenzake wa jua kali waliomwita kutoka vibandani. Alikuwa ameniambia kabla hatujaondoka kwamba aliwapigia hesabu wote wasiofungua kundi, akaona sistee yumo, akasema huyu siwezi kumwacha, nitamwambia mimi mwenyewe. Hilo ndilo lililokuwa akilini mwake juu ya geti.

Tulimkuta mlangoni na sinia la omena mapajani. Shangazi alikuwa amerudi, akatukaribisha vitini na kutuwashia jiko. Kijana akatoa simu aandike. Binti akamshika mkono.

"Sema," akamwambia. "Nataka nikuone ukisema."

Akasema polepole, akifungua mdomo kama nilivyokuwa nikiwahimiza darasani. "Nilisahau husikii."

Hapo ndipo nilipoelewa. Kwa muda wote ule wa kuandikiana, mabishano ya vilio na mvua, kichwani mwa kijana binti huyu alikuwa na sauti. Alimsikia. Na kwa kuwa yeye alimsikia, ikampotea kabisa kwamba binti hakumsikia yeye.

Binti aliendelea kuchagua omena, akitupa vijiti na mchanga. "Wengine wananikumbusha kila siku," akasema. "Wewe ulisahau. Sijui nikuchape au nikupe chai."

"Nichape," kijana akasema.

"Chai iko tayari, kwa hivyo kunywa."

Tukanywa. Tulimweleza kwamba darasa lilikuwa limeshachanga, ada ya kurudia isimsumbue. Alishukuru, akasema warudishiwe. Shangazi akaanza kumbembeleza kwa lugha ya nyumbani, mikono ikimsaidia, naye akamwacha amalize.

"Ada si shida, Mwalimu," akanijibu mimi. "Kule kwa ploti yetu nilikuwa mtu wa maneno. Huku nimerudi kuwa kiziwi. Mwaka mwingine na watu wageni, nianze tena kuwaomba waniandikie? Nguvu hiyo sina."

Nilijaribu. Mimi ni mtu wa kutia moyo, ndiyo kazi yangu, na siku hiyo nilisema yote ninayojua kusema. Alinisoma midomo hadi mwisho kwa heshima, kisha akaniongezea chai.

Kabla hajaenda nyumbani kwao ziwani, chuo kiliamua seva iondolewe. Fundi alikuja kumsaidia kuihamisha akaunti yake. Nikueleze na hili, huenda ukalihitaji: katika mtandao wa namna hii unaweza kuhamia seva nyingine, na wanaokufuata huhama nawe, kama majirani walioambiwa unakokwenda. Lakini uliyoyaandika hubaki kwenye kuta za zamani. Unaweza kuyapakua ukae nayo, huwezi kuyabandika upya. Na ya wenzako, wasipoyachukua wenyewe, huenda na ukuta. Hivyo alihamia kwa marafiki zake wale viziwi, kule walikokuwa na seva yao. Mashine ya kukata chuma, mahindi ya mvua, hukumu ya mama mpishi, hakuna aliyekuja kuvichukua.

Fundi alipoinama kuizima, binti aliomba asubiri. Akaweka kiganja juu ya kompyuta. Fundi akabonyeza. Mimi nilisikia feni ikipungua hadi ikanyamaza; yeye alihisi mtetemo ukikatika chini ya mkono wake.

"Imekufa," akasema, kwa ile sauti yake ya juu, na maabara nzima ikageuka kututazama.

Darasa lake lilihitimu. Nilihudhuria nikapiga makofi. Majina yalisomwa mfululizo, na aliyekuwa mgeni pale hakuweza kujua kwamba kati ya majina mawili fulani lilipaswa kuwapo lingine. Kiongozi wa darasa alipokea shahada yake akashuka jukwaani bila kuinua mkono kama wenzake. Binti sasa anaanika omena na mama yake. Nina akaunti katika seva nyingine, kwa hiyo humsoma mara mojamoja akibishana na marafiki zake wa mbali, bado mkali, bado anachekesha. Nikimuuliza juu ya kusoma hunijibu mambo ya mvua na bei ya samaki.

Basi kama wewe uko katika kundi la darasa, la kazi au la kanisa, na una jambo ambalo watu lazima walijue, fanya hivi. Andika kwanza jambo lenyewe kwa sentensi moja au mbili, uweke siku, saa na mahali. Tuma maandishi hayo. Kisha ndipo urekodi sauti yako, kama bado unataka kuongea.